Uzi wa Mama Mdogo

Novemba 1984, mvua ikiwa bado haijanyesha, mama mdogo wangu alikufa Kyuso, katika nyumba ya kuazima. Ndugu zangu, hapa Mbumbuni mnanijua kama mwalimu wa gumbaru, wa kufundisha watu wazima kusoma. Leo niwaambie nilivyomfikisha mama yule huko.

Niliachia masomo darasa la saba, lakini nilikuwa na maswali mengi, na gazeti moja dogo la Kitui likanichukua. Kazi yangu ilikuwa kuchimba mambo ambayo wakubwa hawataki yasemwe. Niliipenda, sitawadanganya. Nilipenda watu wanyamaze nikiingia hotelini.

Mwaka ule wa njaa, mahindi ya manjano ya msaada yaliletwa Nuu. Mama mdogo alikuwa akishona magunia kwenye stoo. Siku ya soko akanivuta kando.

"Mwanangu, mahindi ya watu yanauzwa madukani Mwingi. Magunia hayo nimeyashona kwa uzi wangu mwenyewe. Nenda ukatazame."

Uzi wake ulikuwa wa mkonge, wa kusukia vyondo, vikapu vyetu, aliousokota pajani na kuutia rangi ya magome. Nyinyi akina mama mnaelewa: uzi wa mwenzako unaujua kama sauti yake.

Nilienda Mwingi nikayaona magunia. Nikaandika. Nilipompitia kumuaga, akaniambia, "Nisomee kwanza. Kusoma sijui, lakini masikio ninayo."

"Mama, basi linaondoka. Na jina lako sijaliandika popote."

"Haya. Wewe ndiwe msomi."

Kweli, jina sikuliandika. Niliandika uzi. Niliandika kwamba ni mwekundu wa magome, umesokotwa kwa nyuzi tatu, nikijivunia macho yangu. Gazeti lilipofika Nuu lilisomwa kwa sauti hotelini, na hakuna aliyeuliza uzi huo ni wa nani.

Mhariri alinipa mkono. Mkubwa wa stoo alibaki na stoo yake. Mama mdogo alifukuzwa kazi, jina lake likafutwa kwenye orodha ya chakula, na majirani wakaogopa hata kusimama naye kisimani. Akatembea na binti yake mpaka Kyuso kwa jamaa, nao pia hawakuwa na kitu. Wengine walisema ni malaria. Mimi nawaambia alikuwa hajala.

Mazishini nilisimama nyuma. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Niliacha gazeti nikashika pombe, miaka, mpaka nikaishia huku Mbumbuni, nikawa nalala hapo nyuma ya soko letu. Wengine wenu mliniruka mkienda kununua pojo. Siwalaumu.

Mzee mmoja wa kanisa hili ndiye aliyesimama. Akanitazama, akasema, "Wewe, kama hufi leo, njoo ushike chaki." Namshukuru. Nawashukuru pia akina mama wa darasa langu, walionivumilia herufi zikienda mshazari ubaoni. Msidhani nimepona. Nimeacha pombe, basi. Ila hili nimejifunza: ukiandika habari za mtu, msomee yeye kabla ya mwingine yeyote, hata basi likikuacha.

Mwezi uliopita nilimtafuta binti wa mama mdogo. Nilimkuta uani kwake akisokota mkonge. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Nilijua," akasema. "Hilo gazeti bado unalo?"

"Ninalo."

"Nisomee."

Nikalitoa mfukoni, nikasoma. Nilipofika kwenye uzi, mkono wake ukasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mama alisokota nyuzi mbili," akasema. "Hata hilo ulikosea."

Kisha akaendelea kusokota.