Mama Asteria, Mkunga Aliyeogopwa, Anatuaga

Tarehe 30 Juni 1998 Mama Asteria Elinami anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa juu milimani, wilaya ya Same, kwa miaka thelathini na mitatu. Nimepewa mimi niandike habari zake kwa sababu wasomi wote wako zamu. Kidato cha pili kilinishinda, sikatai, lakini hapa hakuna daktari anayeandika hata jina lake likasomeka. Kwa hiyo tuheshimiane.

Alianza mwaka 1965 akiwa mhudumu: deki, mabeseni, kuchota maji bondeni. Mwaka 1980, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na saba, akaomba kusomea uuguzi na ukunga. Alitaka kitu kimoja tu, kupokea watoto. Watu walicheka mpaka wilaya jirani ya Mwanga nadhani walisikia. Nafasi akapewa hata hivyo, akaketi dawati la mbele na wasichana waliomwita Bibi.

Darasani palikuwa na mifupa ya mtu mzima, imening'inizwa kwenye chuma kwa ajili ya somo la mwili. Kila asubuhi Asteria aliiamkia, shikamoo. Wasichana wakawa hoi kwa kucheka. Akawaambia, "Huyu ni mkubwa wenu, na hamjui ni wa ukoo gani. Mkimpita kimya, shauri yenu." Kufikia muhula wa pili darasa zima lilikuwa linaamkia, na hata mwalimu wao, Mama Evaline, alikuwa akiinamisha kichwa kuelekea kona ile kabla ya kushika chaki.

Shida ilikuwa wodini. Wazee wa hapa wanajua kwamba Asteria alipokuwa mchanga meno yake ya juu yalitangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo, kigego, zamani alipelekwa kwenye jabali lililo chini ya hospitali, akaachwa ukingoni aangukie korongoni. Mama yake alimfunga mgongoni akakimbilia kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare, kwa watu wa kuja, ambao hawakuwa na haja ya kumchungulia mtoto wa mtu mdomoni. Alipokuwa anapiga deki hakuna aliyejali. Ila kushika mtoto anayetoka tumboni, hapana. Bibi mmoja alikuwa akikaa mlangoni na bakora, Asteria akitokeza tu: "Wewe rudi kwenye ndoo yako."

Na mwanafunzi asiyewahi kupokea mtoto hafanyi mtihani. Mama Evaline alimweleza bila kumzungusha: mwisho wa muhula ukifika bado mikono mitupu, anarudi kwenye deki, na safari hii ni mpaka azeeke.

Miaka ile ilikuwa migumu. Sabuni ya kugawana kwa kisu, mafuta ya taa ya kunusa. Glavu hazikutupwa kama mnavyotupa ninyi siku hizi mkizifungua kwenye maboksi ya dukani. Zilifuliwa, zikachemshwa, zikavaliwa tena mpaka zichoke. Asteria alikuwa na utaratibu wake: anaipuliza glavu, anaifunga shingo kwa uzi, anaitundika kwenye waya pembeni ya njia. Asubuhi, iliyonywea ndiyo yenye tundu. Poda nayo ilikuwa imekwisha, kwa hiyo walipaka unga wa muhogo.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya mama yangu, Ernesta. Machi 1981, mimba ya kwanza, uchungu umeshika, anapanda na wifi yake tangu alfajiri. Ukungu umelala njiani, huoni hata miguu yako. Wanakaribia hospitali, mara wanaona viganja vyeupe vimenona, vimejipanga hewani bila mwili, vinapunga polepole. Wifi hakuuliza swali. Alitimua mbio, na nasikia hadi leo hajapata kupita njia ile. Mama naye akageuka, akashuka popote pale miguu ilipompeleka. Ikampeleka kwenye jabali.

Asteria alikuwa akikagua glavu zake. Alisikia yowe, akalifuata. Alimkuta mama amechuchumaa ukingoni, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Mama alipomtambua aliyetoka kwenye ukungu, akapiga kelele:

"Usinisogelee."

"Sikusogelei," akasema Asteria, akaketi juu ya jiwe. "Zaa mwenyewe, mimi nipo hapa. Ukinitaka utaniita."

Akatulia kweli. Mama anasema hajapata kuona mtu ameketi vile, mikono ameiweka magotini wazi ili ionekane. Kwa jinsi alivyoililia nafasi ile miaka yote, angeweza kumrukia. Hakumrukia. Uchungu ukaja, ukapita, ukaja mwingine, na ndipo mama akasema, "Njoo."

Aliyezaliwa ni mimi. Kazi yake ya kwanza ndiyo hii mnayoiona ikipita na mabeseni kila siku, na kusema kweli alianza vizuri.

Ila kuna jambo ambalo mama hajawahi kulibadilisha, hata akiulizwa na mchungaji. Anasema wakati anasukuma, alishikwa mgongoni. Mikono midogo midogo, mingi, kama watoto wa shule wanaosukuma gari lililokwama. Ilimshika asiangukie nyuma. Alipomshukuru Asteria, akajibiwa, "Mwanangu, mimi nina miwili tu, na yote ilikuwa mbele." Nyuma ya mama palikuwa na korongo.

Habari ikashuka mlima kabla kitovu changu hakijakauka. Wiki iliyofuata kina mama walikuwa wakiingia wodini na kumtaka yule wa meno ya juu, wakisema kwamba mtu aliyeponyoka jabali kifo kinamwonea haya. Mtihani akafanya, akafaulu, na kati ya wale wasichana waliomcheka, walioanguka mnawajua ni akina nani, sitaki ugomvi. Mwaka 1987 akawa mkuu wa wodi ya wazazi, na amefundisha wanafunzi wengi kuliko ninaoweza kuwaorodhesha.

Wote waliopita mikononi mwake wanaijua amri moja. Mwanafunzi akisimama nyuma ya mzazi, Mama Asteria humsogeza kwa kiwiko: "Pisha hapo." Hasemi apishwe nani. Na hakuna aliyethubutu kuuliza, mimi mwenyewe nikiwemo, nisiyeogopa kitu.

Ijumaa iliyopita alishika zamu yake ya mwisho. Mzazi aliletwa kutoka kijiji cha Bendera, hali si nzuri, na Mama Asteria akamwachia mwanafunzi apokee mtoto. Sisi tulidhani atakaa kitini. Alizunguka kitanda polepole, akasita kidogo kama mtu anayeomba nafasi kwenye benchi lililojaa, kisha akasimama palepale, nyuma ya mzazi, akanyoosha mikono. Mtoto alilia vizuri.

Mama Asteria, tunakushukuru, sisi tulio hai na wale unaowajua wewe. Ukapate miaka mingi ya afya na usingizi usiokatizwa na hodi.