Sahihi ya Mzazi

Ndani ya mtumbwi wa kuvuka Lualaba, Faradji, karani anayeandikisha namba za simu, alimuuliza Mama Mwanvua, muuza mawese, ana miaka mingapi. "Sina haja ya kusema," akajibu. "Ni sheria, mama. Mutu asipotaja miaka tunamuhesabu mutoto, muzazi wake anasaini." Mwanvua akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Basi niandike mutoto!" Mimi mpiga kasia mvi zake niliziona, lakini sikuulizwa. "Na muzazi iko wapi?" Faradji akauliza, akidhani ameshinda. Mtumbwi ukagusa ukingo. Bibi kizee mwenye fimbo akaita: "We mutoto, mbona umechelewa?" Mwanvua akamgeukia karani. "Ni ule. Lakini yeye usimuulize miaka, hana tena mutu wa kumusainia."