Doto Bujiku na Mstari Mmoja wa Anwani

Ndugu waombolezaji, Doto Bujiku alizaliwa Tinde, Shinyanga, tarehe 9 Juni 1989, dakika chache baada yangu mimi Kulwa, dada yake. Maisha yake yote aligoma kuniamkia.

Alisoma msingi na sekondari hapa hapa Tinde, kisha akapata stashahada ya kompyuta Mwanza, mwaka 2012.

Mwaka 2015 aliajiriwa katika hospitali moja mkoani Geita. Huko aliunda mfumo wa kutafuta wachangia damu: unabonyeza kitufe, unapata simu za walio karibu. Mwaka 2019 alifunga ndoa na Nyamizi, muuguzi kutoka Kharumwa.

Machi 2023 mfumo huo, uliokuwa na anwani yake wenyewe mtandaoni, ulihamishiwa ndani ya tovuti ya hospitali, kwenye sehemu iitwayo "/damu". Jamani! Kila ukibonyeza, unatupwa kwenye ukurasa wa mbele wa hospitali. Siku hiyohiyo Salome, mzazi kutoka Runzewe, alikuwa akivuja damu. Mchangiaji alipatikana kwa kuulizana mdomo kwa mdomo, Salome akapona, lakini Doto aliumia sana. "Kulwa," aliniambia, "nimehamia ndani ya mji wa watu, bado naelekeza wageni kama lango ni langu." Viungo vyote vya mfumo, yaani anwani ambazo kitufe hufuata, alikuwa ameviandika vianzie mwanzo wa tovuti, bila "/damu". Akavirekebisha, vyote vikawa vinachukua mwanzo wa anwani kwenye mstari mmoja wa mipangilio. Akamwonyesha mkewe: "Tukihama tena, badilisha huu tu."

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya damu. Februari mwaka huu tovuti ikahamishwa tena, kitufe kikagoma. Doto hakuweza hata kukaa, na safari hii aliyehitaji damu ni yeye. Nyamizi, mjamzito wa miezi minane, alibadilisha mstari ule, akabonyeza. Wakaja wachimbaji wawili, matope bado miguuni. Hatukuwajua. Mungu awabariki.

Damu ile haikumponya, ila ilimwongezea siku. Klara alizaliwa tarehe 2 Machi, baba yake akampakata, akacheka. Doto alifariki tarehe 14 Machi 2025.

Ameacha mama yetu Mageni, mkewe Nyamizi, binti yake Klara, na mimi pacha wake.

Pumzika salama, Doto. Mwanao ulimpakata. Leo nakuamkia mimi: shikamoo.