Nne Nukta Saba: Tunamuaga Mama Nukta

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa Hisabati wa darasa la tano anastaafu baada ya kufundisha shuleni hapa kwa miaka thelathini na moja. Wanafunzi wanamwita Mama Nukta. Sisi walimu nasi tunamwita hivyohivyo, ila akiwa mbali. Nimetwishwa wasifu huu kwa sababu darasa langu limepakana na lake na ukuta wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo desimali zake nimezisikia mwaka hadi mwaka. Niseme mapema kwamba naandika kwa shingo upande, na anayetaka wasifu wa vicheko amtafute mwingine.

Alikuja kufundisha Kiswahili na mwandiko. Hesabu alikuwa akizikwepa. Mwandiko wake mzuri ndio uliomponza, maana mwaka wake wa tatu, siku ya kuchagua wanamichezo, alipewa yeye kazi ya kuandika matokeo.

Kwenye kuruka chini walibaki wasichana wawili. Mmoja, binti mwembamba aliyeitwa Panzi, aliruka mita 4.70. Mwalimu akaona ile sifuri ya mwisho haina kazi, akaandika 4.7. Mwenzake akaruka 4.65. Kipaza sauti kikatangaza nne nukta saba, kisha nne nukta sitini na tano. Jamani, sitini na tano na saba, ipi kubwa? Uwanja mzima ukampigia makofi yule wa pili. Panzi alilia kwamba ameuona mguu wake ulivyompita mwenzake, na alama bado iko mchangani, waje watazame. Hakwenda mtu. Aliambiwa aache ubishi. Nafasi ilikuwa moja tu, ya kusomeshwa bure katika shule ya bweni ya michezo, nayo ikaenda kwa mwenzake.

Muhula uliofuata Mwalimu alikuwa akipima kiwanja cha netiboli. Alipotandaza utepe chini akaona 4.65 inatangulia, na 4.70 iko mbele yake kwa sentimita tano. Anasema alikaa palepale kwenye vumbi. Siku hiyohiyo alikwenda kwa kina Panzi kuomba radhi. Mama mtu, fundi cherehani, alimpa kiti na kumsikiliza kwa adabu. Panzi naye alisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, akarudi kuosha vyombo. Hakuruka tena.

Hapo ndipo Mwalimu alipoomba kufundisha Hisabati. Likizo zake ziliishia kwenye kozi. Aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, akakataa, kisa hataki kuliacha darasa la tano. Kwake namba lazima zivae sare kabla ya kusimamishwa pamoja. Hiyo 4.7 imekuja bila sare, basi ipewe sifuri yake, na hapo kila mtoto ataona kwamba sehemu saba za kumi ni sawa na sehemu sabini za mia, na sabini inaipita sitini na tano. Aliyeshindwa kuelewa hakuchekwa. Alipelekwa mchangani, akaruka, akajipima mwenyewe. Mchanga wote huo ulirudi darasani na viatu, na mhudumu wetu wa usafi amemnunia tangu enzi hizo.

Mimi nilipompa habari kwamba nimepata mtoto wa kilo 3.4, aliniuliza kwanza kama ni 3.40 kamili, ndipo akanipa hongera.

Panzi sasa ni mtu mzima, muuguzi, na kitindamimba wake yuko darasa la nne hapahapa. Kila asubuhi anapomleta langoni, Panzi humwamkia Mwalimu shikamoo, naye huitikia marahaba, basi, kila mmoja anashika njia yake. Mwalimu aliwahi kuniambia kwamba salamu ile humchosha kuliko vipindi vyote vya siku. Anatamani Panzi aseme neno, hata kama ni la kumlaumu.

Sasa Mwalimu, kuna jambo hulijui, na Panzi ameniruhusu niliandike. Mwezi uliopita alikwenda ofisini kuomba uongezewe mwaka mmoja tu, ili mwanawe afundishwe desimali na wewe na si mwingine. Alisema katika watu wote waliokuwa uwanjani siku ile, ni wewe peke yako uliyekwenda kwao. Akajibiwa kwamba sheria hairuhusu. Wiki iliyofuata alirudi na ombi lilelile, akapata jibu lilelile. Mwakani mtoto huyo atafundishwa na mimi. Nitajitahidi, lakini sote tunajua si sawa.

Asante kwa kazi yako yote, Mwalimu wetu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na siku za utulivu, na tunasikitika, tena sana, kwamba mwaka ule mmoja hatukuweza kukupa.