Mwoga Aliyehesabu Ngazi

Marehemu tunayemzika leo alikuwa mwoga, na binti wa kaka yake, anayesoma wasifu huu, anaomba jamaa wasimkasirikie kwa kuanza hivyo. Marehemu mwenyewe alilisema jambo hilo mchana kweupe. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kwa wazazi wake. Alipofika miaka mitatu alipata polio, mguu wa kushoto ukapooza na kusinyaa. Mama yake, kwa kuogopa maneno ya watu, alimweka chumba cha ndani, na wageni wakija mlango ulifungwa.

Alianza shule akiwa na miaka kumi, baada ya kaka yake kusikia, kwa bahati tu, kwamba kuna shule inayopokea watoto wanaotembelea magongo. Shule yenyewe ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwao. Miaka yote ile ilikuwepo, na hakuna aliyewaambia. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko mguu wenyewe. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1983.

Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa kwenye dawati la maelezo la kituo kinachowaelekeza watu wenye ulemavu mahali pa kupata huduma: vyeti, viti vya magurudumu, darasa la lugha ya alama. Alitumia orodha iliyochapwa, kama wenzake wote, mpaka Jumanne ya tarehe 14 Mei 1991. Siku hiyo dereva mmoja wa lori alirudi dawatini, shati limelowa jasho. Alikuwa amembeba binti yake wa miaka kumi na tisa mgongoni hadi ghorofa ya nne, akakuta mlango umefungwa. Ofisi ilikuwa imehama miezi miwili nyuma.

"Sikuja kugombana, dada," alisema. "Nimekuja kukwambia ili usimtume mwingine."

Afadhali angemtukana. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo, kila mwezi, marehemu alikwenda kwa magongo yake mlango hadi mlango, roho mkononi, akihesabu ngazi, akipima upana wa mlango wa choo, akiandika tarehe daftarini. Tarehe ikishapita mwezi, ukimuuliza alikujibu, "Sina hakika, mwanangu. Ngoja niende." Ndipo wenzake wakambandika jina la Bi Hakika.

Katika mizunguko hiyo alimkuta fundi viatu, akamuuliza dukani kwake kuna ngazi ngapi.

"Moja," fundi alisema, "lakini wewe ukiwa unarudi, nitaing'oa."

Aliing'oa kweli. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Juni 1993, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike. Kiatu cha kushoto chenye soli nene mumewe alimshonea mwenyewe miaka yote thelathini. Alichovalishwa leo kilimalizika juzi.

Mwezi Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, na kufikia Septemba hakuweza tena kutoka. Kitandani hakuogopa kifo kama alivyoogopa daftari lake kuchacha. Basi akawa anamtuma binti wa kaka yake, ambaye naye ni mfanyakazi wa kituo kile kile. Jumatano, tarehe 18 Oktoba, binti huyo alichoka. Akaipigia simu ofisi ya vyeti, akaambiwa wako wazi, akaweka alama ya vyema daftarini kana kwamba amekwenda.

Jioni marehemu alimuuliza, "Ngazi ngapi?"

Binti akakisia. "Mbili, shangazi."

"Pale hakuna ngazi. Nenda kesho, nakuomba. Mwenzio naogopa."

Kesho yake, Alhamisi ya tarehe 19 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, alifariki dunia.

Ijumaa binti huyo wa kaka alikwenda. Bomba lilikuwa limepasuka, maji yakaingia, ofisi ikahamishiwa juu. Ngazi kumi na moja. Hata shangazi alikuwa amepitwa. Na chini ya ngazi hizo, kwenye kiti cha magurudumu, alikuwepo mama mmoja aliyesubiri tangu asubuhi, mkononi ana karatasi ya kituo iliyonakiliwa kutoka daftarini, yenye tarehe ya Jumatano na ile alama ya vyema. Binti alipanda kumwita karani, karani akashuka, cheti kikaandikwa pale pale chini. Lakini tangu siku hiyo usingizi umemhama, na woga wa shangazi yake aliokuwa akiucheka, sasa anaijua ladha yake.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Leo kilio kimekuja kwa mwoga wetu. Ameacha mume, binti mmoja, kaka mmoja, msomaji huyu, na daftari. Milango tisa iliyomo imechapwa nyuma ya ratiba mliyoshika. Minane msomaji ameifikia kwa miguu yake, Ijumaa na jana. Wa tisa, darasa la lugha ya alama, hana hakika. Atakwenda kesho asubuhi.

Shangazi apumzike kwa amani. Zamu ya kuogopa si yake tena.