Taa ya Dirishani kwa Kapteni

Benchi letu liko nje ya duka la Skarvneset, kaskazini kabisa mwa Norwe, na kila mwaka jua likiaga lisichomoze tena, mwenye duka huliingiza ndani hadi Januari. Leo ndiyo siku yenyewe. Tumebanana wanne tukigombania kahawa ya Mama Soksi, ambaye amevisha miguu ya nusu ya kijiji. Profesa, aliyeikimbia shule mapema, anatoa mihadhara. Kapteni, aliyeendesha kivuko cha dakika kumi maisha yake yote, anazungusha tu kikombe chake. Mkewe Borghild tulimzika Aprili, na sasa Kapteni anataka kuhamia kusini kwa binti yake. Huku kwetu, tangu siku zianze kufupika, kila nyumba huwasha taa kwenye dirisha la jikoni. Jirani akiiona, anajua umeamka salama. Ya Kapteni ina wiki tatu haijawaka. Sisi tumeshaamua kuwa ni majonzi, na tumekuja kumbembeleza asiondoke.

— Dawa ya giza ni soksi, alianza Mama Soksi. Miguu ikipata joto, roho haina neno.

— Soksi nini, bibie? akadakia Profesa. Dawa ni mafuta ya ini la samaki, kijiko kila asubuhi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo na mafuta wapi na wapi?

— Je, kijiko kikikudondoka mvunguni?

Mimi nikatetea maandazi ya mdalasini yakitoka motoni. Hawakunisikiliza. Profesa akaapa kuwa babu yake alimaliza chupa nzima ya mafuta hayo, akawa anasoma gazeti gizani bila taa. Mama Soksi akasema kuna baharia alilala kwenye theluji siku mbili na soksi zake, akaamka analalamika joto. Kapteni akatabasamu kidogo, nikapata matumaini. Kisha akasema tiketi yake ni ya Jumamosi.

Ndipo akapita Synnøve na mfuko wake wa barua. Ana mwezi mmoja tu hapa kijijini. Akasalimia, akasimama mbele ya Kapteni.

— Mzee, ile taa yako ya dirishani ina nini?

Tukatazamana. Wiki tatu tumeijadili taa hiyo dukani, kanisani, hata kwa kinyozi, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Niliona aibu.

— Balbu imeungua, akasema Kapteni. Borghild ndiye aliyekuwa anabadilisha. Sijui aliziweka wapi, na kupekua makabati yake siwezi.

Mama Soksi akaweka kikombe chini taratibu.

— Kabati la juu, nyuma ya unga. Kila mwaka mimi ndiye niliyekuwa namshikia kiti akipanda.

— Basi njoo unishikie na mimi.

Chupa ya kahawa ilikuwa imekauka, tukainuka sote. Profesa akamtazama Synnøve, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaa mahali pake. Saa nane mchana, giza likiwa limeshaingia, dirisha la Kapteni likawaka. Alibaki juu ya kiti, mkono kwenye bega la Mama Soksi, akiitazama taa.

— Benchi likiingizwa ndani, kahawa ni hapa kwangu, akasema. Kesho. Na Jumamosi pia.