Kumuaga Harerimana, Fundi Aliyelipima Jokofu Langu

Mheshimiwa mwakilishi wa Burugumesta, mkuu wa komine yetu, Bwana Konseye, diwani wa sekta, waheshimiwa viongozi wa dini mliokubali kukaa meza moja, ndugu wajumbe wa Kamati ya Umeme, wageni waalikwa mliotembea kutoka Nyamyumba na Cyanzarwe, na nyinyi wakazi wa Mbugangari ambao hamkualikwa lakini viti vyenu vimepatikana: nawasalimu nyote.

Tumekusanyika kumuaga fundi Harerimana, anayekwenda Butare kufundisha ufundi wa umeme. Wajumbe wenzangu walipendekeza mtu mwingine asome hotuba hii. Nilikataa. Hakuna mtu hapa ambaye fundi huyu amemgusa kwa undani kama alivyonigusa mimi, Ntwali, mwenyekiti wenu.

Wengi mnajua habari yenyewe nusu nusu. Leo nitaisema yote, mbele ya wakubwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1999, nyumba kumi na moja za mtaa wetu zilikuwa zinakula umeme kwenye waya mmoja mwembamba. Kila siku, kama saa kumi alasiri, umeme ulishuka. Balbu zilikuwa na rangi ya chai, na redio zilinong'ona. Nani alikuwa anaumaliza? Nikaunda kamati. Mimi nimeishi Bukoba miaka mingi, najua kamati inavyoundwa. Tulikutana mara kumi na nne, tukampata mwenye hatia: Mama Saidati, fundi wa nguo, mjane, yule aliyekaa safu ya pili. Kosa lake lilikuwa kwamba ana pasi ya umeme.

Tulimwita ajieleze. Akasema, "Mi napiga pasi asubui tu. Saa kumi niko sokoni, muulize mutu yeyote." Je, tulimuuliza mtu yeyote? Hatukumuuliza. Katika muhtasari tuliandika kwamba mtuhumiwa amekiri kuwa na pasi. Tukapiga kura, tukamkatia umeme, wakati ameshapokea kazi ya sare za shule nzima, gauni za buluu na kaptula za kaki. Akarudia pasi ya mkaa. Cheche ziliruka, gauni tisa zikatoboka, na shule ikampa kazi fundi mwingine.

Na umeme, ndugu zangu, uliendelea kushuka saa kumi kama kawaida. Mtu mwenye akili angesema tumekosea. Sisi tulikutana mara ya kumi na tano, tukaamua kwamba Mama Saidati anavuta umeme bila waya, kwa ujanja ambao kamati bado haijaujua.

Hapo ndipo Harerimana aliposimama. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Akasema, "Bon, sawa, Mwenyekiti. Uyu mama hana hata waya. Tupime kwanza, tuseme nyuma."

Nikamuuliza atapimaje nyumba kumi na moja kwa wakati mmoja. Akatoa mfukoni kidude cha ukubwa wa sanduku la sabuni. Alikitengeneza mwenyewe kwenye kibanda chake cha redio. Kinabana juu ya waya wa pasi au wa jiko, hakikati kitu, kinasikia umeme unaopita, kisha kinatuma habari hewani, bila waya wowote, mpaka kwenye ubao alioutundika ukutani kwa kamati. Ubaoni kila nyumba ilikuwa na taa yake na mshale wake mdogo. Kifaa kikila umeme, taa inawaka. Kikila sana, mshale unapanda.

Tulivigawa kwa haki, na haki hiyo ilitusumbua. Mzee Kadiri hana kifaa cha umeme hata kimoja, ana balbu moja na redio ya betri, lakini alidai kidude chake, akakifunga kwenye redio. Siku ya pili alikuja kulalamika: "Taa yangu haiwake. Mi pia niko mukaaji wa hapa." Tulijadili jambo lake saa nzima. Mwishowe Harerimana akaiwasha taa ile kwa mkono, mara moja, Mzee Kadiri akapigiwa makofi, akaenda nyumbani ameridhika.

Siku ya tatu, saa kumi, tulisimama wote mbele ya ubao. Umeme ukashuka. Taa zote zilikuwa zimezimika isipokuwa taa namba moja, na mshale wake ulikuwa umelala upande wa mwisho kabisa.

Nikauliza, "Namba moja ni nyumba gani?"

Harerimana akasema, "Ni kwa Mwenyekiti."

Nikaamuru kidude kibadilishwe, kwa sababu bila shaka kilikuwa kibovu. Kikabadilishwa. Nikaamuru mara ya pili, na ya tatu. Vidude vyote vilikuwa vibovu kwa namna ile ile. Basi tukaenda nyumbani kwangu.

Sebuleni kwangu mnalijua jokofu langu, nililolileta kutoka Bukoba juu ya lori, likiwa limefungwa blanketi. Nililiwasha kila siku saa kumi mpaka asubuhi. Mota yake ni ya zamani, na kila ikianza, nyumba inatetemeka. Mlango wake haukuwa unafungika. Haukufungika kwa sababu ndani mlikuwa na mafaili ya Kamati ya Umeme. Ndiyo. Katibu wetu Drocella, kila mkutano, alivaa koti na glavu kwenda kuleta muhtasari. Wajumbe walishika karatasi za baridi miezi minne, na hakuna aliyeuliza kitu.

Harerimana alichungulia ndani ya jokofu. Akauliza, kwa adabu, "Mzee, unaweka mikaratasi ndani ya firigo kwa nini?"

Nikamweleza kwamba jokofu lile lina taa ndani, na taa ile husaidia kusoma majina ya mafaili.

Akasema, "Donc, kumbe iyi firigo ni taa."

Nikasema ndiyo. Nilipolisikia jibu langu mwenyewe mbele ya watu, nilitamani kuingia humo na kufunga mlango. Drocella alitoa faili la kwanza, lile la hukumu ya Mama Saidati. Lilikuwa limeganda. Tulilianika juu ya jiwe la volkano nje mpaka barafu ikayeyuka, ndipo tukaweza kuusoma uamuzi wetu na kuufuta.

Nilikwenda kwa Mama Saidati siku hiyo hiyo na hotuba ya kurasa tatu. Hakuitaka. Akasema, "Mwenyekiti, acha maneno. Shika pasi." Kwa wiki tatu nilipiga pasi kwake, ile ya mkaa, mpaka waya wake uliporudishwa. Mkono wangu una alama hapa. Niliunguza kaptula mbili, akanifundisha tena bila kunipigia kelele. Shule iliposikia, ilimrudishia kazi nusu. Nusu nyingine haikurudi, na hiyo ni juu yangu.

Fundi Harerimana, ungeweza kunyamaza. Kibanda chako kilisimama kwa ruhusa yangu, nawe ulilijua hilo ulipolitaja jina langu. Waambie wanafunzi wako wa Butare wapime hata nyumba ya mkubwa.

Mama Saidati, nilikupigia pasi lakini neno lenyewe sijawahi kulisema. Nisamehe. Usijibu sasa hivi, kula kwanza.

Waheshimiwa, ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Chakula kiko tayari, karibuni.